Kamembe: Pima njia ya bomba la moshi kabla ya kupakia jiko la kuni

Jiko la kuni la chuma mteja anaweza kulichagua kwa kuliangalia tu dukani, lakini bomba lake la moshi ni lazima lipimwe nyumbani kwake. Jambo hili linaonekana dogo. Hata hivyo kwa mfanyabiashara anayepakia majiko Kigali kuyaleta Kamembe, au kuyavusha Rusizi kwenda Bukavu, ndilo linaloamua kama kazi imekwisha siku ya kukabidhi mzigo au kama simu za malalamiko zitaanza jioni ile ile. Kipande kimoja kikipungua, mteja amenunua chuma cha kujaza moshi sebuleni.

Kamembe, mji mkuu wa kibiashara wa wilaya ya Rusizi, uko juu ya vilima vinavyotazama Ziwa Kivu. Maji ya ziwa yenyewe yako karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu mita 1,590. Usiku joto hushuka hadi kwenye nyuzi 15 hivi, na misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, huifanya nyumba ya matofali kuwa na ubaridi wa unyevu unaoingia hadi kwenye shuka. Ndiyo maana watu wengi wa pande zote mbili za mto huingiza mbabula ndani, hufunga dirisha na kulala. Mkaa (ndugu zetu wa Bukavu husema makala) hautoi moshi mwingi ukishakolea, lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, hulala na huenda asiamke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Jiko la kuni lenye mlango na bomba linaloishia juu ya paa huitoa hewa hiyo nje. Lakini hufanya hivyo tu pale bomba linapovuta. Jiko zuri lenye bomba lililopangwa vibaya ni hatari kuliko mafiga matatu uani, kwa sababu mwenye nyumba amefunga madirisha akiamini yuko salama.

Ieleweke pia kwamba hapa hatuzungumzii majiko madogo ya kubebeka. Mwaka 2014 zaidi ya kaya 100,000 za Jimbo la Magharibi la Rwanda ziligawiwa majiko sanifu ya kuni katika mpango wa Tubeho Neza. Yale ni majiko yasiyo na bomba, ya kutumika nje au penye hewa ya kutosha. Rondereza ya udongo, ambayo kila Mnyarwanda anaifahamu, mara nyingine huwa na bomba na mara nyingine haina. Makala hii inahusu jiko la chuma la kupasha joto chumba au la kupikia, linalokaa ndani ya nyumba na kufungwa mlango wake.

Bomba huvutaje?

Moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Unapopanda ndani ya bomba huacha nafasi, na hewa mpya huingia kupitia tundu za jiko kuijaza. Nguvu hiyo, ambayo tutaiita mvuto, hutegemea mambo mawili zaidi ya yote: urefu wa bomba kwenda juu, na tofauti ya joto kati ya moshi ulio ndani na hewa iliyo nje. Bomba refu lenye moto huvuta sana. Bomba fupi au lililopoa huvuta kidogo au halivuti kabisa.

Sasa hapa ndipo Kamembe inapotofautiana na Dar es Salaam au Mombasa. Hewa ya mji huu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, na mvuto hupungua kwa kiasi hicho hicho. Tuchukue mfano wa bomba lililosimama wima lenye urefu wa mita 5, moshi wake una wastani wa nyuzi 200, na nje kuna nyuzi 20. Pwani bomba hilo litatoa mvuto wa paskali 22 hivi. Kamembe litatoa kama 18. Majiko mengi ya Ulaya hupimwa kiwandani kwa mvuto wa paskali 12, kwa hiyo 18 bado inatosha. Lakini hesabu hiyo ni ya bomba lisilo na kona hata moja na lililokwisha kupata joto. Wakati wa kuwasha, moshi ukiwa na nyuzi 60 tu, bomba lile lile la mita 5 halifikishi paskali 6. Ndiyo maana jiko linaloelekea kushindwa huanza kuonyesha dalili katika dakika kumi za kwanza, moshi ukirudi mlangoni.

Kijitabu kinachokuja na jiko kutoka China, Uturuki au Ulaya hakikuandikwa kwa ajili ya mwinuko huu. Kikisema urefu wa chini wa bomba ni mita 4, muuzaji wa Kamembe ahesabu 5, na wa Bukavu vivyo hivyo, kwani huko vilima vingi viko juu zaidi.

Njia iliyonyooka ndiyo njia

Fundi akiingia ndani ya nyumba, swali lake la kwanza lisiwe jiko litapendeza wapi. Aangalie juu. Atafute mahali ambapo bomba linaweza kutoka juu ya jiko, likapita dari na paa, na kutokea nje bila kukunja kona yoyote. Sehemu bora ni karibu na katikati ya nyumba, si mbali na mgongo wa paa, kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya bomba inabaki ndani ambako kuna joto. Pili, sehemu inayochomoza juu ya paa inakuwa fupi, haihitaji waya nyingi za kuishikilia dhidi ya upepo.

Wateja wengi huomba bomba litoke ukutani. Sababu inaeleweka: hawataki bati lao litobolewe, na kutoboa ukuta ni kazi ya nusu saa. Lakini tuangalie gharama yake. Bomba la ukutani lina kona ya kwanza nyuma ya jiko, kipande cha kulala, kisha kona ya pili au kiungo cha T nje, ndipo lipande. Baadhi ya watengenezaji wa majiko huhesabu kila kona ya nyuzi 90 kama kupoteza mita 1.5 ya urefu. Kona mbili ni mita 3 zimekwenda. Isitoshe, sehemu ndefu ya bomba inakaa nje kwenye ubaridi na mvua. Moshi unapoa kabla ya kufika juu, mvuto unaanguka, na lami ya moshi inaganda ndani kama ugoro mweusi unaonata. Lami hiyo inawaka. Siku ikishika moto, joto ndani ya bomba linaweza kupita nyuzi 1,000, na ngurumo yake husikika mpaka kwa jirani.

Kama ukuta ni wa rukarakara kuna tatizo la ziada. Tofali hilo la udongo mkavu haliungui, lakini maji yenye masizi yanayotiririka kutoka kwenye kiungo cha bomba hulilainisha kidogo kidogo. Baada ya msimu mmoja wa mvua tundu linakuwa kubwa na bomba linacheza.

Ikibidi kabisa kupita ukutani, basi masharti ni haya. Kipande cha kulala kiwe kifupi iwezekanavyo, na kipande hicho kipande juu kwa angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, kisiwe sawasawa kabisa na wala kisishuke. Kona mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya 90. Kwa jumla bomba lisiwe na zaidi ya kona mbili za nyuzi 90. Chini ya T iliyoko nje pawe na kifuniko kinachofunguka, ili masizi yaondolewe bila kubomoa kitu.

Kipenyo nacho kisichezewe. Mdomo wa jiko ukiwa wa sentimita 15, bomba lote liwe sentimita 15 hadi juu. Kupunguza hadi 12 kwa sababu duka la jirani lina 12 tu ni kulifunga jiko pumzi. Kuongeza sana nako hakufai, maana moshi hutembea polepole na kupoa. Hili ndilo linalotokea katika nyumba za zamani za Bukavu, za enzi ambapo mji uliitwa Costermansville, ambazo baadhi zina meko ya ukutani na dohani pana ya matofali. Mteja wa Muhumba au Nguba mwenye dohani kama hiyo atakuambia bomba halihitajiki, lipo tayari. Lakini dohani iliyojengwa kwa moto wa wazi ni pana mno kwa jiko dogo. Kinachotakiwa ni kushusha bomba la sentimita 15 ndani yake kutoka juu hadi kwenye jiko. Mzigo wa mteja huyo ni mabomba mengi, si machache.

Juu ya paa, na kilima nyuma ya nyumba

Kanuna inayotumika Marekani Kaskazini, ambayo ni rahisi kuikumbuka na inafaa hapa pia, ina vipimo vitatu. Mdomo wa bomba uwe juu kwa angalau sentimita 90 kutoka pale linapotokea kwenye paa. Vilevile uwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake kwa upande, iwe ni mgongo wa paa, ukuta, tangi la maji au mti.

Katika uwanda wa Bugarama, ambako nyumba zimekaa sawa, kanuni hiyo inatosha. Kamembe ni vilima. Kiwanja kimekatwa kwenye mteremko, nyuma ya nyumba kuna ukingo wa udongo wa mita tatu au nne, na juu ya ukingo huo ameketi jirani na paa lake. Mchana upepo hutoka ziwani kupanda mlimani. Usiku, wakati jiko linawashwa, hewa baridi hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani. Hewa hiyo inayoshuka ikivuka ukingo hujipindua na kuangukia bomba lako. Moshi hurudi chini. Fundi atabadilisha kofia ya bomba, atabadilisha mlango wa jiko, na tatizo litabaki, kwa sababu tatizo ni ukingo.

Kwa nyumba kama hiyo jiko lisogezwe upande wa ziwani wa nyumba, mbali na ukingo, na bomba liongezwe. Aidha mwenye nyumba aangalie dirisha la chumba cha kulala la jirani wa juu liko wapi. Mdomo wa bomba unaolingana na dirisha la jirani ni kesi kwa mkuu wa mtaa, na mwenye bomba ndiye atakayeshindwa.

Bomba likichomoza zaidi ya mita 1.5 juu ya paa lifungwe waya tatu za kulishikilia. Kofia ya mvua ni ya lazima kwa mvua za huku, lakini iinuliwe: nafasi kati ya mdomo wa bomba na kofia isipungue nusu ya kipenyo cha bomba. Kofia iliyokalia mdomo ni kizibo.

Kuhusu radi, Jimbo la Magharibi ni miongoni mwa sehemu za Rwanda zinazopigwa nayo sana. Bomba la chuma lililo refu kuliko vyote juu ya paa liunganishwe na waya wa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme. Lisiwekwe karibu na nyaya za umeme zinazoingia nyumbani.

Dari, kenchi na asibesto

Bati haliungui. Kinachoungua ni kilicho chini yake: papi, kenchi za mbao za mikaratusi, mkeka wa dari, silingibodi. Bomba la tabaka moja likiwa na moto mkali huhitaji sentimita 45 za nafasi kila upande kutoka kwenye kitu chochote kinachoungua. Piga hesabu: sentimita 45 kulia, 45 kushoto, na 15 za bomba lenyewe, jumla 105. Kama kenchi zako ziko mita moja moja, bomba la tabaka moja halina pa kupita. Na mbao haihitaji kuguswa na moto ili iwake. Mbao inayopashwa joto kila usiku kwa miaka hukauka na kugeuka karibu mkaa, kisha siku moja hushika kwa joto ambalo zamani lisingeiathiri.

Kwa sababu hiyo bomba la tabaka moja halifai kupita kwenye dari. Kuanzia chini ya dari hadi nje ya paa litumike bomba la tabaka mbili lenye kizuia joto katikati, la kiwandani, ambalo kwa kawaida huhitaji nafasi ya sentimita 5 tu. Kipimo kamili husomwa kwenye lebo yake. Ni ghali. Linaweza kugharimu karibu sawa na jiko lenyewe, na hapo ndipo mteja huanza kunung'unika na muuzaji huanza kulegea. Ushauri wetu: usilegee. Mteja asiyeweza kulilipia aelekezwe kwenye jiko la jikoni ya nje, jengo lisilo na dari, ambamo fundi anaweza kukata papi, kuzifunga upya pembeni na kupata zile sentimita 105. Si kila mtu anahitaji jiko sebuleni.

Tundu la paa lizibwe kwa bati la kukinga mvua, sehemu yake ya juu ikiingia chini ya bati la paa na ya chini ikilalia juu yake. Mafundi wengi huweka lote juu na kumwaga lami. Lami ya barabarani kwenye bomba la moto huyeyuka. Tumia silikoni ya kustahimili joto.

Kabla ya kutoboa paa lolote la zamani, fundi aulize limetengenezwa kwa nini. Nyumba nyingi za zamani za taasisi, shule na parokia, pamoja na baadhi ya nyumba za watu binafsi, ziliezekwa kwa asibesto, yale mabati ya kijivu yanayofanana na saruji. Vumbi lake likiingia mapafuni husababisha saratani miaka mingi baadaye. Tangu 2009 serikali ya Rwanda imekuwa na mpango wa kuyaondoa, na uondoaji hufanywa na watu waliofunzwa wenye mavazi maalumu. Paa la namna hiyo halitobolewi kwa bomba la jiko, hata kwa tundu dogo. Kazi isimame hapo.

Kuhesabu vipande

Tuchukue nyumba ya kawaida ya Kamembe isiyo na ghorofa. Mdomo wa jiko uko juu ya jiko, sentimita 75 kutoka sakafuni. Bomba litatokea kwenye paa kwa urefu wa mita 3.9 kutoka sakafuni, umbali wa mita 1.2 kutoka mgongo wa paa. Paa lina mteremko wa nyuzi 20, kwa hiyo mgongo uko juu kuliko tundu kwa karibu sentimita 44. Mgongo uko ndani ya mita 3, hivyo bomba lazima liupite kwa sentimita 60. Jumla ni sentimita 104 juu ya tundu, yaani mdomo wa bomba uwe mita 4.94 kutoka sakafuni. Ukitoa zile sentimita 75 za jiko, unahitaji bomba la mita 4.2 hivi.

Muuzaji aliyezoea kukadiria atapakia vipande vinne vya mita moja na kusema kidogo kilichobaki fundi atajua. Lakini kila kipande huingia ndani ya kingine kwa sentimita 5. Vipande vinne vikiungwa vinatoa mita 3.85. Mdomo wa bomba utaishia chini ya kipimo, karibu sawa na mgongo wa paa, mahali pabaya kuliko pote kwa upepo.

Vipande vitano vinatoa mita 4.8. Hapo kipimo cha paa kimetimia na ziada ya sentimita 60, ziada ambayo kwa mwinuko wa Kamembe si anasa. Bomba sasa linachomoza mita 1.65 juu ya tundu, kwa hiyo waya tatu zinaingia kwenye orodha. Orodha kamili ya nyumba hii basi ni vipande vitano, ambavyo vya juu, kuanzia chini ya dari, ni vya tabaka mbili, kiungo cha kubadilisha kutoka tabaka moja kwenda mbili, bamba la dari, bati la kukinga mvua, kofia, waya tatu na mkanda wake, misumari ya skrubu mitatu kwa kila kiungo, na brashi ya kusafishia yenye kipenyo cha bomba. Brashi husahauliwa karibu kila mara.

Mwombe mteja akutumie kwa simu vipimo vinne: urefu wa dari, urefu wa paa pale bomba litakapotokea, umbali kutoka hapo hadi mgongo wa paa, na nafasi kati ya kenchi. Picha ya nyumba kutoka nyuma, inayoonyesha ukingo na nyumba ya jirani, ina thamani kuliko picha ya sebule.

Bati gani litumike

Bomba la mabati ya kuezekea lililokunjwa na fundi wa agakiriro ni rahisi na linapatikana siku hiyo hiyo. Lakini bati la paa mara nyingi halifiki hata nusu milimita, na limepakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na mvuke wake huwapa watu homa. Kwa kipande cha kwanza kinachokaa juu ya jiko bati hilo halifai. Fundi apewe bamba jeusi la chuma la milimita 0.6 au zaidi kwa sehemu ya ndani. Mafundi wa huku wana uwezo kamili wa kulikunja na kulichomea, wanachokosa mara nyingi ni kuelezwa. Kwa sehemu ya nje chuma kisichoshika kutu ndicho kinachovumilia mvua.

Wakati wa kuunga, ncha iliyobanwa ielekee chini, kwenye jiko. Wengi hufanya kinyume wakidhani moshi utavuja. Moshi hauvuji bomba likivuta. Kinachovuja ni lami ya majimaji inayotiririka kushuka, na ncha ikielekea chini lami hubaki ndani ya bomba na kurudi motoni badala ya kuchora mistari myeusi ukutani.

Mzigo barabarani na mpakani

Barabara ya Kigali hadi Kamembe ina zaidi ya kilomita 200, na sehemu ya msitu wa Nyungwe ni kona juu ya kona. Mabomba yakilazwa chini ya majiko yatafika yakiwa na umbo la yai, na bomba la umbo la yai haliingii ndani ya lingine. Yasimamishwe wima, yafungwe pamoja, ncha zake zizibwe kwa mbao ya duara au katoni nzito. Matofali ya moto yaliyo ndani ya jiko yatolewe na kufungwa peke yake. Mlango wa kioo utazame ndani ya gari, na jiko la chuma cha kuyeyusha lisilalie ubavu, kwa maana chuma hicho hupasuka bila kupinda.

Kwenye karatasi, majiko ya chuma yasiyo ya umeme yako katika kichwa cha ushuru namba 7321, na sehemu zake katika 7321.90. Mabomba ya chuma yanayoingizwa yenyewe yanaweza kuwekwa katika vichwa vingine, kama vile 7306, na ushuru ukawa tofauti. Uamuzi ni wa forodha. Ankara iliyoandika tu "mabomba" huleta mjadala. Inayoandika jiko pamoja na vifaa vyake, idadi na kipenyo, hupunguza maswali. Mweleze wakala wako kabla gari halijaondoka.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama kamili Julai 2022. Ndani ya Jumuiya kuna hati rahisi ya uasilia kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama. Jiko lililokunjwa Kigali, Kampala au Nairobi linaweza kuiomba; jiko la Guangzhou haliwezi, hata kama limekaa ghalani Kigali mwaka mzima. COMESA nayo, ambayo Rwanda na Kongo zote ni wanachama, ina utaratibu wake rahisi kwa wafanyabiashara wadogo na orodha yake ya bidhaa.

Rusizi I ni daraja la watembea kwa miguu na magari madogo zaidi. Malori hupita Rusizi II. Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, na Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, jambo lililoigusa njia ya Ruhwa. Mabadiliko ya namna hii hugusa saa za kufungua, malipo na hati zinazotambuliwa, kwa hiyo msafirishaji aulize mpakani siku anayopakia, si wiki iliyopita. Kwa upande wa bidhaa hii hasa kuna sababu moja zaidi ya kuwa makini: kipande kilichosahauliwa Kamembe kitavuka kama mzigo mpya, na hati mpya.

Moto wa kwanza

Fundi asiondoke kabla jiko halijawashwa mbele ya mwenye nyumba. Awashe gazeti moja kwanza chini ya mdomo wa bomba ili bomba lipate joto, ndipo aweke vijiti, kisha kuni. Rangi ya jiko jipya hutoa harufu kali saa za mwanzo. Madirisha yawe wazi. Baada ya hapo afunge madirisha na mlango, asogeze kijiti kinachofuka moshi karibu na tundu la hewa la jiko. Moshi wa kijiti ukivutwa ndani, bomba linafanya kazi. Ukisukumwa nje huku nyumba ikiwa imefungwa na ukavutwa ndani dirisha likifunguliwa, basi nyumba haina pa kuingizia hewa, na tundu la upana wa kiganja karibu na jiko, lenye wavu wa kuzuia panya, litatosha.

Kuni ziwe kavu. Mikaratusi iliyopasuliwa leo ina maji mengi. Ipasuliwe na kuhifadhiwa chini ya paa penye upepo kwa miezi sita au zaidi. Vipande viwili vikavu vikigonganishwa hulia kama kengele ya mbao, vibichi hutoa mshindo mzito. Kwa anayewasha kila usiku, bomba lisafishwe mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, na katika mwaka wa kwanza lichunguzwe kila mwezi kwa kurunzi kupitia kifuniko. Masizi yakifikia unene wa milimita 3, brashi itumike siku hiyo hiyo kabla ya kuwasha tena.